Makopa ya mifugo: ni nini, na yanatosha wapi

Makopa ni muhogo uliomenywa, ukakatwa vipande na kuanikwa mpaka ukakauka kabisa. Kwa watu wa Teso na Lango, mashariki na kaskazini mwa Uganda, hili halina ugeni, kwani ndiyo akiba ya nyumba: yanasagwa, unga unachanganywa na wa wimbi au mtama, ugali unapikwa. Makopa ya mifugo ni hayo hayo, ila yanapelekwa kwenye mchanganyiko wa nguruwe, kuku au ng'ombe wa maziwa. Mara nyingi hutengenezwa kwa mizizi midogo, iliyovunjika, au ile iliyokosa mnunuzi sokoni.

Wafugaji wengi wanapoambiwa kwamba muhogo unalisha mifugo, hudhani kazi imekwisha. Mtu anajaza makopa kihorini, nguruwe anakula na kushiba, na baada ya miezi mitatu anashangaa kwa nini mnyama ana tumbo kubwa na mgongo mwembamba. Makopa yanatia nguvu tu. Karibu yote ni wanga, na protini yake ni kama asilimia 2 hadi 3, wakati mahindi yana 8 hadi 10. Kwa hiyo makopa yanakalia kiti cha mahindi. Kiti cha protini, cha mukene (dagaa) au cha soya, hayawezi kukikalia.

Tufanye hesabu. Tuseme mchanganyiko wako wa kilo 100 una kilo 40 za mahindi. Ukiyatoa yote ukaweka makopa kilo 40, umepoteza zaidi ya kilo mbili na nusu za protini, na hakuna atakayekuonya mpaka uone mnyama amedumaa. Ila ukiweka makopa kilo 34 na mashudu ya soya kilo 6, protini inarudi karibu pale pale ilipokuwa. Hapo ndipo bei inapoamua. Kama mashudu ya soya yanauzwa mara tatu ya bei ya mahindi, basi ili makopa yakupe faida lazima kilo yake isizidi karibu theluthi mbili ya bei ya kilo ya mahindi. Yakipita hapo, nunua mahindi. Nimeona watu wakisifia makopa kwa sababu ni "ya bure, yametoka shambani kwangu", lakini muhogo wa shambani kwako nao una mnunuzi. Makopa kilo moja yanatokana na muhogo mbichi kama kilo tatu. Aliye karibu na Kampala, mwenye muhogo mtamu wa kuchemsha, kwa maoni yangu hana sababu ya kuukausha. Auuze mbichi, abaki na maganda.

Nguruwe ndiye anayeyapokea makopa vizuri kuliko wote. Nguruwe anayekua anaweza kupewa hata kilo 40 za makopa katika kila 100 za mchanganyiko, mradi protini imefidiwa. Kuku ni habari nyingine. Makopa yaliyosagwa ni vumbi jepesi linalomkwama kuku mdomoni, na sehemu yake inapeperuka kabla hajaifikia. Bila mashine ya kutengeneza punje, mimi nisingepita kilo 15 au 20 katika 100. Pia makopa hayana rangi ya manjano iliyomo kwenye mahindi, kwa hiyo kiini cha yai kinapauka, na mteja wa mayai atalalamika hata kama yai ni zima kabisa. Majani ya muhogo yaliyokaushwa na kusagwa, kiasi kidogo tu, yanairudisha rangi hiyo.

Sasa sumu, maana ndiyo inayowatisha wengi, na wana haki. Mnamo Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa muhogo. Unga ule ulipopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo wa kuliwa na watu ni 10. Kilichoua binadamu hakitamwacha nguruwe.

Ukweli ni kwamba sianidi yenyewe haikai ndani ya muhogo ikisubiri. Kilichomo ni kitu kiitwacho linamarini, na pembeni yake, katika kuta za seli, kuna kimeng'enya (enzaimu) cha kuivunja. Vitu hivi viwili vimetengwa mpaka mzizi ukatwe, upondwe au utafunwe. Vikikutana, linamarini inavunjika na sianidi inatoka. Nayo huchemka kwenye nyuzi joto kama 26 tu, kwa hiyo jua la kawaida linaifukuza hewani. Ndiyo maana kukata ni muhimu kuliko kuanika. Kipande kinene kama mkono hukauka nje huku ndani kimengʼenya hakijafanya kazi yake; kipande chembamba, kisichozidi unene wa kidole, kinatoa sumu na maji kwa pamoja. Kuukuna kabisa ni bora zaidi.

Haraka nayo ina hasara. Aliyenyeshewa akaamua kukausha makopa juu ya moto mkali, kimeng'enya kinakufa kwa joto mapema na linamarini inabaki imefungwa ndani ya kipande kikavu. Kwa macho yanaonekana safi, meupe, mazuri. Muhogo mchungu unahitaji muda: wengine huuloweka, na kaskazini na mashariki watu huurundika na kuufunika siku tatu au nne, uchachuke, kisha wanaukwangua ukungu, wanauponda na kuuanika. Kwa kuondoa sumu, njia hiyo inafanya kazi kubwa kuliko kuanika peke yake.

Makopa yaliyokauka sawasawa unayajua kwa mkono. Kivunje kipande: kiseme "ta!" bila kupinda. Kikwaruze ukutani kama chaki. Kikiandika mstari mweupe, unyevu umeshuka karibu asilimia 13 au 14 na unaweza kuweka guniani. Kikipinda, au katikati kuna kiini cha kijivu, kirudi juani. Njia ya kuanikia nayo si jambo dogo. Ukipita barabara za Teso na Lango msimu wa kiangazi utaona makopa yametandazwa kwenye lami au pembeni mwa barabara ya murram (changarawe), magari yakiyafukiza vumbi na mbuzi wakionja. Turubai au kichanja cha miti kinatosha. Mchanga hauna virutubisho, ingawa kwenye mizani unauzwa kwa bei ya makopa. Yaliyopata ukungu wa kijani au mweusi, mengine yote yakiwa safi, yatupwe. Kumpa nguruwe "kwa sababu ni nguruwe" ni kumhamishia mnyama sumu ya ukungu.

Maganda ndiyo mali inayopotezwa zaidi. Kila penye muhogo wa kukaanga, pale sokoni au kando ya stendi, asubuhi kuna lundo la maganda ambalo mchana linanuka. Uzito wake ni kama moja ya tano ya mzizi, na sumu yake huwa nyingi kuliko ya nyama ya ndani, kwa hiyo kumwagia mbuzi maganda mabichi ya muhogo usiojua ni mchungu au mtamu ni bahati nasibu. Huko Ibadan, Nigeria, watafiti walipata njia nzuri: maganda yanachambuliwa, yanakunwa kwa mashine, yanakamuliwa maji, kisha yanaanikwa. Tani tatu za maganda mabichi zinatoa tani moja ya chakula kikavu, na kwa kuwa maji mengi yameshakamuliwa, jua linamaliza kazi upesi. Mashine ya kukuna na jeki ya kukamulia si vitu vigeni Uganda.

Kwa mbuzi na ng'ombe kuna hatari ya pekee. Vijidudu vya tumboni mwao huivunja linamarini wenyewe, upesi, hivyo mbuzi aliyevunja uzio akajaza tumbo kwa majani mabichi ya muhogo anaweza kufa kabla hujampata daktari wa mifugo. Dalili ni kuhema kwa kasi, kuyumba, na damu nyekundu kuliko kawaida. Dawa ipo, lakini ni ya sindano na inataka mtu aliye karibu. Majani yale yale yakikatwakatwa na kuanikwa, yana protini ya asilimia 20 au zaidi, na ndiyo yanayoziba pengo la makopa kwa bei nafuu. Usiyachume kila wiki tu, kwani mti unaovuliwa majani mara kwa mara hauwezi kujaza mizizi.

Na shamba lenyewe? Pingili za sentimita 20 hadi 30, nafasi ya mita moja kwa moja, miche kama 4,000 kwa ekari. La kuangalia zaidi ni usafi wa mbegu. Ugonjwa wa batobato iliangamiza muhogo wa Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2004 ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, umerudi kwa nguvu. Magonjwa yote mawili hubebwa na nzi weupe na pingili za kuazimana. Aina kama NASE 14 na NAROCASS 1 kutoka kituo cha utafiti cha Namulonge zinavumilia vizuri. Michirizi huacha madoa makavu ya kahawia ndani ya mzizi, na mizizi ya namna hiyo ndiyo hukataliwa sokoni ikaishia kwenye makopa ya mifugo. Virusi vya mmea havimdhuru nguruwe. Kata sehemu yenye madoa, na iliyooza acha kabisa, kisha anika iliyobaki siku hiyo hiyo, kwa sababu muhogo uliong'olewa huanza kuharibika ndani ya siku moja hadi tatu.