Projekta ya Kujitengenezea Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Zipo video nyingi zinazomwonyesha mtu akitoboa boksi la viatu, akibandika lenzi ya kukuzia kwenye tundu, akiingiza simu ndani, na mara ukuta mzima ukajaa picha yenye rangi kali. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa vifaa hivyo. Kujitengenezea projekta ni kazi nzuri kwa mwanafunzi wa fizikia na kwa fundi mwenye subira, na ndiyo maana inasikitisha kuona watu wakipoteza fedha zao kwa kufuata dhana ambazo hesabu ndogo tu ingeziondoa.

Dhana: Simu yenye mwanga mkali na lenzi nzuri vinatosha

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Tuchukue simu yenye kioo cha sentimita 15 kwa 7, kinachong'aa kwa kandela 500 (kipimo cha ukali wa mwanga) kwa kila mita ya mraba. Kioo hicho, hata kikiwa cheupe chote, hutoa jumla ya lumeni 16 hivi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), nazo husambaa kila upande ndani ya boksi. Lenzi yenye kipenyo cha sentimita 7.5, ikiwa umbali wa sentimita 22 kutoka kwenye simu, hunasa chini ya asilimia 3 ya mwanga huo, kwa hiyo kinachofika ukutani hakifiki hata nusu ya lumeni. Picha ikikuzwa mara 10 huwa na upana wa mita 1.5, na mwanga huo mdogo ukitandazwa juu yake hubaki chini ya nusu luksi (luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba), ilhali mshumaa mmoja uliowekwa mita moja kutoka ukutani huuangaza kwa takriban luksi 1. Projekta za kawaida za ofisini hutoa lumeni 2,000 hadi 3,000 na zaidi.

Lenzi ya bei ghali inaweza kuifanya picha iwe kali pembezoni, lakini haizalishi mwanga. Anayetaka kutumia simu apunguze ukubwa wa picha: akikuza mara 5 badala ya 10, eneo la picha huwa robo ya lile la awali, na kila sehemu yake hupata mwanga karibu mara nne zaidi. Hata hivyo bado atahitaji chumba chenye giza kabisa.

Dhana: Picha ikitokea kichwa chini, igeuze simu na tatizo limekwisha

Ushauri huu ni nusu ya ukweli. Lenzi hupindua juu na chini, na papo hapo hupindua kushoto na kulia, na kuigeuza simu kichwa chini husahihisha yote mawili. Tatizo lililobaki ni kwamba simu imeuelekea ukuta, ilhali watazamaji wamekaa upande wa nyuma ya simu, kwa hiyo picha wanayoiona imegeuzwa kama iliyo ndani ya kioo cha kujitazamia. Kwenye mandhari ya bahari au mlima hakuna atakayegundua, lakini maandishi ya tafsiri na namba za jezi za wachezaji husomeka kinyumenyume. Dawa yake ni kutumia programu ya kuchezea video inayoweza kugeuza picha kushoto na kulia, au kuweka kioo bapa cha kujitazamia chenye mshazari wa digrii 45 mbele ya lenzi. Anayetumia paneli ya LCD (kioo cha picha chenye fuwele za kioevu, kama cha kompyuta) iliyovuliwa taa yake ya nyuma hana haja ya hayo, kwa kuwa mwanga hupenya paneli, naye huigeuza tu ili mgongo wake uielekee lenzi.

Dhana: Ukiweka taa kubwa nyuma ya paneli yoyote ya LCD, kazi imeisha

Hapa ndipo vifaa vingi huungulia. Ni kweli kwamba projekta ya kujitengenezea yenye maana hujengwa kwa paneli iliyovuliwa taa yake na kuwekewa taa ya LED yenye nguvu, lakini paneli ya rangi ni kizuizi kikubwa cha mwanga. Filamu ya polaraiza (inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) iliyo upande wa kuingilia huondoa nusu ya mwanga au zaidi, vichujio vya rangi huondoa takriban theluthi mbili ya uliobaki, na nyaya ndogo zinazotenganisha pikseli (nukta zinazounda picha) huzuia sehemu nyingine, hata kinachopita mwishoni kwa kawaida huwa chini ya asilimia 10. Taa yenye lumeni 10,000 inaweza kuishia kutoa lumeni mia chache tu ukutani.

Mwanga uliozuiwa haupotei hivihivi, bali hugeuka joto ndani ya paneli yenyewe. Joto likizidi, kioevu cha paneli hupoteza mpangilio wake na doa jeusi hutanda, mara nyingi likianzia katikati. Taa ikizimwa mapema doa hilo huondoka, lakini polaraiza ikishaungua hubadilika rangi na hairudi tena. Kwa sababu hiyo hewa ya feni ni lazima ipite pande zote mbili za paneli, na hili lipangwe kabla ya kukata mbao za boksi.

Taa nayo ina masharti yake. Chipu ya LED ya wati 100 hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, hivyo haifai kuwashwa hata kwa majaribio kabla ya kufungwa kwenye kipoozeo cha chuma chenye feni, kama kile cha prosesa ya kompyuta ya mezani. Kwa kawaida huhitaji volti 30 hadi 36 na draiva, yaani kifaa kinachodhibiti mkondo wa umeme, kwa hiyo chaja ya kompyuta mpakato yenye volti 19 haiwezi kuiwasha peke yake.

Tena wapo wanaoacha lenzi za Fresnel (lenzi bapa na nyembamba zenye mifereji ya mviringo) wakidhani ni anasa. Moja hukaa kati ya taa na paneli ili kunyoosha mwanga, na ya pili baada ya paneli ili kuukusanya kuelekea lenzi kuu. Bila hizo katikati ya picha hung'aa na kona hubaki gizani.

Dhana: Paneli kubwa ndiyo bora

Paneli ikiwa kubwa, lenzi za Fresnel, lenzi kuu na boksi lazima vikue pamoja nayo. Paneli ya inchi 10 huenea ndani ya lenzi ya Fresnel yenye ukubwa wa karatasi ya A4, ambayo hupatikana kwa bei nafuu kama kikuzio cha kusomea. Hakikisha tu kwamba ipo bodi ya kuiongoza paneli hiyo (saketi inayoipelekea picha), ukitafuta kwa namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni mwake.

Dhana: Shuka jeupe ndilo skrini nzuri

Shuka hupitisha sehemu ya mwanga upande wa pili, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa huishinda kwa urahisi.

Dhana: Kujitengenezea ni nafuu kuliko kununua

Ukijumlisha paneli, bodi, taa, draiva, lenzi na feni, gharama inaweza kuikaribia bei ya projekta ya ofisini iliyotumika, ambayo itaushinda mradi wako kwa mwanga. Projekta mpya za bei ya chini nazo zichunguzwe, kwani tangazo la "1080p" mara nyingi humaanisha kwamba kifaa kinapokea video hiyo, si kwamba paneli yake ina pikseli 1920 kwa 1080, na baadhi zina pikseli 320 kwa 240 tu. Kwa hiyo anayetaka kujifunza na ajenge, lakini anayetaka kufungua kibanda umiza anunue iliyotumika, na kabla ya kulipa afungue menyu yake asome saa ambazo balbu imekwisha kutumika, kisha aulize bei ya balbu mpya.