Je, wajua kwa nini upekuzi wa kazi huulizia hata habari za mwenza wako?

Chukulia mtumishi anayekaimu ukuu wa kitengo katika wizara moja pale Mtumba. Jina lake limepelekwa kwenye upekuzi, yaani uchunguzi wa kama mtu anaaminika kukabidhiwa nafasi, kabla ya kuthibitishwa. Mume wake aliwahi kufungwa kwa kukutwa na nyara za Serikali, miaka mingi kabla hawajafunga ndoa. Je, cheo ndiyo basi tena?

Swali hili limesogea karibu na watu wengi wa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 na Mji wa Serikali wa Mtumba kuzinduliwa Aprili 2019. Maofisa wanaoingia masijala ya siri, wanaosimamia zabuni au wanaosubiri kuthibitishwa kwenye nafasi za madaraka sasa ni majirani zetu. Na kila linapoulizwa, majibu mawili hayakosekani. La kwanza: "Umekwisha, jalada lako limeshachafuka." La pili: "Makosa ya mumeo ni yake, hayakuhusu. Usiyaandike popote."

Yote mawili si sahihi, na la pili linaumiza watu zaidi.

Tuanze na la kwanza. Hatia ya jinai haihami kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu wanalala nyumba moja. Kanuni ya Adhabu humwadhibu aliyetenda, aliyesaidia au aliyeshawishi. Kuolewa na mtu si mojawapo ya hayo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza hata mshtakiwa mwenyewe kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ibara ya 22 inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo hukoma mwenza wako anapotiwa hatiani.

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya vitu viwili. Cheti cha polisi cha tabia njema hutafutwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Kinaeleza rekodi yako, basi. Mumeo awe amefungwa mara tatu, hatokei humo. Upekuzi ni kitu kingine. Wenyewe hauishii kwenye swali la kama umewahi kutenda kosa. Unauliza kama unaweza kukabidhiwa siri, fedha au mamlaka bila mtu mwingine kupata njia ya kuvifikia kupitia kwako. Hapo ndipo mwenza anapoingia, naye anaingia kama sehemu ya mazingira yako. Hakuna anayekutwisha hatia yake.

Marekani imechapisha vigezo vyake hadharani, kwa hiyo mantiki hii inasomeka vizuri huko. Mwongozo wao ulioanza kutumika Juni 2017 una vigezo 13: utii kwa nchi, madeni, ulevi, dawa za kulevya, makosa ya jinai ya mwombaji mwenyewe na vingine. Hakuna hata kimoja kinachosema "kuwa na mke au mume mhalifu". Kinachokaribia kimo ndani ya kigezo cha mwenendo binafsi, nacho ni kushirikiana na watu wanaojihusisha na uhalifu. Tena mwongozo uleule unatoa nafuu: ikiwa ulishirikiana naye bila kujua, ikiwa uhusiano umekoma, au ikiwa mazingira yake hayatii shaka uaminifu wako. Hayo ni ya Marekani, na hayamfungi mpekuzi wa Dodoma. Lakini yanaonyesha jinsi watu wa kazi hii wanavyopima.

Sasa kiini chenyewe. Fikiria mfugaji wa Bahi anayetafuta kijana wa kuchunga ng'ombe wake. Anasikia kwamba mke wa kijana aliwahi kufungwa kwa kununua ng'ombe wa wizi. Mfugaji mwenye busara hamhukumu kijana kwa ng'ombe ambao hakuwanunua. Anajiuliza jambo jingine: siku wale wenzake wa zamani wa mkewe wakija usiku na kumwambia afungue mlango wa zizi, watamkamata kwa lipi? Je, kuna deni ambalo mke bado anadaiwa nao? Je, kuna aibu ambayo kijana hataki ifike masikioni mwa mzee? Kama hakuna kamba ya kumvutia, habari ya mke ni habari tu.

Sasa kijana mwenyewe anaamua kusema mapema: "Mzee, mke wangu aliwahi kufungwa kwa jambo la ng'ombe. Alimaliza kifungo, sasa analima alizeti, na watu wale hawaji kwetu." Mfugaji ameshajua. Kuanzia hapo hakuna atakayeweza kumtisha kijana kwa maneno "nitamwambia mzee", kwa kuwa mzee anayo habari. Kitisho kimepoteza nguvu bila mtu kufanya lolote zaidi ya kusema. Lakini akinyamaza, kila anayeijua siri ile, iwe jirani, shemeji au mwenzake wa zamani wa mkewe, anakuwa na ufunguo wa zizi, na kijana mwenyewe hajui funguo zimefika ngapi.

Ndiyo maana jibu la pili, lile la "usiandike", ni baya kuliko la kwanza. Kifungo cha mume kabla ya ndoa ni tukio la zamani la mtu mwingine. Kulificha kwenye fomu ya upekuzi ni tendo la mwombaji mwenyewe, la leo, na linahusu kitu kilekile kinachopimwa: kama atasema kweli pale inapomgharimu. Kosa ambalo halikuwa lake limezaa kosa ambalo sasa ni lake kabisa.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo linastahili kujulikana zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina huruma kwa wanandoa: mke anayempokea au kumsaidia mumewe aliyetenda kosa ili akwepe adhabu hahesabiwi kuwa msaidizi baada ya kosa, na mume vivyo hivyo kwa mkewe. Sheria ya Ushahidi nayo, kwa kawaida, haimlazimishi mtu kutoa ushahidi wa jinai dhidi ya mwenzi wake, ingawa yapo makosa yaliyotengwa. Sheria imekubali kwamba mapenzi ya ndoa yana nguvu ya kumfanya mtu amfiche mwenzake. Upekuzi unaanzia kwenye ukweli uleule na kufika kwingine. Mahakamani nguvu hiyo inakulinda. Mbele ya mpekuzi, nguvu hiyohiyo ndiyo sababu ya kuuliza.

Fedha ni mlango mwingine, na hapa hatuhitaji kutazama nje. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake pamoja na za mume au mke na za watoto wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Mantiki ni ileile: rushwa haiji mezani kwa mhusika pekee, inaweza kupitia akaunti ya nyumbani. Kwa hiyo mwenza aliyetiwa hatiani kwa rushwa au kutakatisha fedha, akiwa bado ana biashara ya pamoja na mwombaji, ana uzito ambao dereva aliyetozwa faini ya mwendokasi hana. Muda nao una uzito wake, na pia kama uhalifu umekwisha au unaendelea chini ya paa moja, na kama mwombaji alijua.

Na "mwenza" ni nani? Asifikiriwe tu yule mwenye cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, hadi ithibitishwe vinginevyo. Fomu ya upekuzi ya Marekani humuuliza mwombaji hata kuhusu mtu anayeishi naye kimapenzi bila ndoa. Uingereza huhitaji taarifa za mwenza kwa ngazi za juu za upekuzi, na aliyekwisha kupitishwa anatakiwa kutoa taarifa akioa, akiolewa au akianza kuishi na mtu.

Kwa yule mtumishi wa Mtumba, basi, kazi iliyo mbele yake ni ya kuandika: kosa lilikuwa lipi, hukumu ya mwaka gani, kifungo kiliisha lini, mume anafanya shughuli gani leo, na yeye alilijua lini. Nakala ya hukumu ikipatikana, aambatishe. Azungumze na mumewe kwanza, kwa kuwa taarifa za makosa ya jinai ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na za mume ni za mume. Kisha aandike mwenyewe, kabla hajaulizwa.