Je, wajua kwa nini kompyuta ya nyumbani hushambuliwa na mtu asiyekujua?

Wengi hujipa moyo kwamba hawana mali wala siri ya kumvutia mwizi wa mtandaoni. Hesabu hiyo inadhani kuwa mwizi huchagua nyumba kwanza, ndipo abishe hodi. Mtandaoni anayebisha ni programu, na programu hubisha kila mlango. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walitoa programu iitwayo ZMap. Kwa kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti moja kwa sekunde, iliweza kuzizungukia anwani zote za umma za IPv4 (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti), ambazo ni mabilioni, kwa chini ya dakika 45. Mshambuliaji mwenye zana ya aina hiyo hahitaji jina lako. Anatafuta tu mlango ulioachwa wazi.

WannaCry, programu ya kudai fidia inayojisambaza yenyewe, inaonyesha jinsi mlango huo unavyopatikana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa, katika SMBv1, utaratibu wa zamani ambao Windows iliutumia kushirikisha faili na printa kupitia poti (mlango wa mawasiliano) namba 445. Tarehe 12 Mei, takribani miezi miwili baadaye, WannaCry ilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ufa huohuo, bila mtu yeyote kubofya chochote. Ilifika nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za watu kwa msimbo na kudai dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokwisha kupokea kiraka hazikuingilika kwa njia hiyo.

Kuna jambo hapa linalostahili kusemwa kwa mkazo: kiraka chenyewe humwelekeza mshambuliaji. Kikishatoka, mjuzi hulinganisha faili ya zamani na mpya, akaona kilichobadilishwa, akajua ufa ulikuwa wapi. Tangu hapo ni mbio kati yake na wewe. Microsoft hutoa viraka vyake vya kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo anayeahirisha kwa wiki sita amempa mshambuliaji wiki sita za kufanya kazi kwa utulivu.

Kwenye Windows, fungua Mipangilio, ingia Windows Update, ruhusu masasisho yapakuliwe, kisha uchague "Update and restart". Kuzima tu kompyuta usiku huenda kusitoshe. Kompyuta nyingi zina "Fast startup", ambayo wakati wa kuzima huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo kiraka kinachohitaji mwanzo mpya hubaki kikisubiri. Kivinjari nacho kina tabia kama hiyo: sasisho limeshashuka, lakini halifanyi kazi mpaka ukifunge na kukifungua upya. Na kama bado unatumia Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Usipojiunga na mpango wa viraka vya nyongeza, nyufa zinazogunduliwa sasa zitabaki wazi kwenye kompyuta yako.

Nyumbani, hodi ya kutoka nje huipokea ruta, kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, kabla ya kompyuta. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Andika kwenye kivinjari anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ubadilishe nywila ya msimamizi. Hii ni tofauti na nywila ya Wi-Fi, na wengi huibadilisha ya Wi-Fi wakadhani wamemaliza. Zima usimamizi wa kutoka nje, zima WPS (njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN), chagua WPA2 au WPA3 (aina za ulinzi wa Wi-Fi), na utafute sasisho la ruta yenyewe.

Ruta na kiraka havisaidii pale unapomfungulia mgeni mwenyewe. Windows huficha mwisho wa majina ya faili, hivyo "ankara.pdf.exe" huonekana kama "ankara.pdf", na ukiibofya unaendesha programu. Katika Windows 11, fungua folda yoyote, bofya View, kisha Show, uweke alama kwenye "File name extensions". Kwa kazi za kila siku tumia akaunti ya kawaida, si ya msimamizi, ili programu inayotaka kugusa mfumo ilazimike kuomba nywila. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows inatosha nyumba nyingi. Kuongeza ya pili inayolinda wakati huohuo huweza kuzifanya zigombane na kuipunguzia kompyuta kasi.

Nywila zisirudiwe. Tovuti moja ikivuja, programu huzijaribu nywila zilezile kwenye barua pepe na benki. Tumia programu ya kutunza nywila, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba ya simu), ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kubadilisha nywila za akaunti nyingine.

Hata ukiyafanya haya yote, weka nakala tatu za faili zako: ya kazi, moja kwenye diski ya nje, na moja mahali pengine kabisa, nje ya nyumba. Hapa ndipo walio makini pia hukosea, kwa kuiacha diski ya nje imechomekwa muda wote. Programu ya kudai fidia husimba kila diski inayoiona, na nakala hupotea pamoja na faili asili. Chomeka, nakili, chomoa. Kisha, angalau mara moja kila baada ya miezi michache, rudisha faili mbili tatu kutoka kwenye nakala uzifungue, maana nakala iliyoharibika haionyeshi dalili yoyote mpaka siku unapoihitaji.