Shokiwevu kwa farasi: kuacha kuchechemea siyo kupona

Mimi ni daktari wa wanyama, na nimechoka kuletewa farasi yuleyule mara ya pili, mguu umeharibika kuliko mwanzo. Maswali yenyewe ni haya haya kila wiki.

Shokiwevu ni nini?
Ni mawimbi ya sauti yenye nguvu sana, mashine inayapiga kupitia ngozi mpaka kwenye kano, ligamenti (nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa) au mfupa ulioumia. Siyo umeme. Mashine za aina hii zilianza kwa binadamu, kuvunja mawe ya figo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa farasi zikaja miaka ya 1990. Huku hatuvunji kitu, tunaiamsha tishu ijirekebishe.

Inafanywaje?
Farasi anapewa dawa ya kumtuliza maana kile kichwa cha mashine kinagonga ta-ta-ta na hawapendi, tunanyoa manyoya, tunapaka jeli, hewa ikikaa katikati mawimbi hayapiti. Kama mapigo 1,000 hadi 2,000 kwa kikao, dakika chache tu umemaliza. Mara nyingi vikao ni 3, kati ya kimoja na kingine wiki 2 au 3.

Inasaidia nini?
Zaidi ligamenti ya nyuma ya mguu inayoshikilia kifundo, hasa ikiumia kule juu karibu na goti au hoki (kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma). Pia kano za kukunja mguu, maumivu ya mgongo na baadhi ya matatizo ya kwato na viungo. Kidonda chenye usaha au uvimbe wa saratani hatugusi, na karibu na mapafu hatupigi kabisa.

Jana alikuwa anachechemea, leo baada ya shokiwevu anatembea safi, nimpande?
HAPANA. Shokiwevu yenyewe inatuliza maumivu kwa siku kadhaa, kwa hiyo farasi hasikii mguu unavyolia. Kano haijafunga, imenyamaza tu.

Lakini daktari, hachechemei hata kidogo!
Nimekusikia, na jibu bado ni hapana. Siku ya tatu anatoka bandani kama bwana harusi, ukimpiga ultrasaundi lile shimo jeusi katikati ya kano, pale nyuzi zilipochanika, liko palepale. Yule wa mwisho niliyeletewa walimkimbiza siku ya nne, wakasema walitaka "kumjaribu kidogo tu". Mchaniko uliokuwa mdogo ukawa nusu ya kano. Wanaosimamia mashindano wanalijua hili, ndiyo maana FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, linakataza shokiwevu ndani ya siku 5 kabla ya mashindano. Na hizo siku 5 ni sheria ya mashindano, usije ukasema siku ya sita kapona!

Sasa nitajuaje kapona?
Kwa ultrasaundi, siyo kwa macho yako wala kwa hamu yako ya kupanda. Kano inakula miezi 6 mpaka 12, wakati mwingine zaidi. Anza na kutembezwa kwa kamba, dakika chache kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, unaongeza polepole kadiri daktari anavyosema. Najua inaboa.

Naweza kumpa byuti (fenilbutazoni, dawa ya maumivu ya farasi) kwanza nione wiki mbili tatu?
Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Byuti inaficha maumivu, farasi anazidi kuukanyagia mguu mbovu, halafu analetwa kwangu wakati kano imevimba kama ndizi. Pitisha kiganja nyuma ya mguu kila asubuhi, linganisha na wa pili. Ukikuta joto au uvimbe, hata kama anatembea vizuri, usimpande siku hiyo, mpigie daktari siku hiyo hiyo.