Anayelipa siye anayetumia: dhana potofu kuhusu kazi ya kuwahudumia waliosahaulika

Niliwahi kukesha na mhasibu wa shirika dogo tukipunguza bajeti ya andiko la mradi lililotakiwa kutumwa asubuhi. Sharti la mfadhili lilikuwa kwamba gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 7. Tukafuta matengenezo ya kompyuta. Tukafuta mafuta ya gari, kisha tukayarudisha kwa jina la "ufuatiliaji wa walengwa". Mwishowe ukabaki mstari mmoja wa kufutwa, nao ulikuwa mshahara wake mwenyewe. Akautazama kwa muda, akaukata vipande vitatu, kila kimoja akakipachika kwenye shughuli yake chini ya cheo cha "mwezeshaji". Andiko likapita. Mfadhili akaridhika kwamba anafadhili shirika lisilo na mhasibu.

Kituko kile ndicho kilichonifanya nianze kuziangalia upya imani tulizo nazo kuhusu mashirika na wajasiriamali wanaowahudumia watu wa kipato kidogo. Kwenye biashara ya kawaida, anayelipa ndiye anayetumia. Kitu kikiwa kibovu harudi, na mwenye biashara anazipata habari hizo bila kuandikiwa ripoti. Kwenye kazi hii mara nyingi ni tofauti: anayelipa yuko ofisini mbali, anayetumia yuko kwenye foleni, na habari kati yao hupita mikononi mwa mtu anayeitaka ruzuku ya mwaka ujao.

"Shirika lisilo la faida haliruhusiwi kupata faida"

Linaruhusiwa. Lisichoruhusiwa ni kugawana. Kampuni ikibakiwa na fedha mwisho wa mwaka, wenye hisa wanaweza kujilipa gawio. Shirika lisilo la faida likibakiwa na ziada, hiyo ziada hurudi kwenye kazi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kisheria karibu kila mahali, na haisemi lolote kuhusu kuuza, kutoza ada au kumiliki kiwanda.

BRAC, shirika lisilo la faida la Bangladesh, ilianzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, mhasibu aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, ili kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea baada ya vita vya 1971. Mwaka 1978 ikafungua maduka ya Aarong ya kuuza kazi za mikono za wanawake wa vijijini, kwa sababu wanawake hao walikuwa na ufundi lakini hawakuwa na mnunuzi anayelipa kwa wakati. Baadaye ikaingia kwenye maziwa, benki na mengine mengi. Leo ni miongoni mwa mashirika makubwa zaidi ya aina yake duniani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni hospitali ya macho ya Aravind, mjini Madurai, kusini mwa India. Daktari Govindappa Venkataswamy aliianzisha mwaka 1976, akiwa amekwisha kustaafu utumishi wa serikali akiwa na umri wa miaka 58, vidole vyake vimepindwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na vitanda 11 tu. Wanaotibiwa bure au kwa malipo madogo ni wengi kuliko wanaolipa, na bado hospitali inabakiwa na ziada.

Ukiingia chumba cha upasuaji utaelewa inavyowezekana. Meza mbili zimewekwa sambamba. Daktari anamtoa mgonjwa wa kwanza mtoto wa jicho. Wakati huohuo wauguzi wanamwandaa wa pili kwenye meza ya pembeni. Akimaliza, anageuza darubini upande wa pili na kuendelea. Hatembei, hasubiri. Muda wa daktari bingwa ndicho kitu ghali kuliko vyote mle ndani, na kila kitu kimepangwa usipotee. Halafu kuna lenzi, zile zinazowekwa ndani ya jicho baada ya kutoa mtoto wa jicho. Zilipokuwa zikiagizwa nje kwa takriban dola 100 moja, wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, mwaka 1992, na bei ikashuka hadi karibu dola 10.

Hakuna anayeulizwa barua ya umaskini. Mgonjwa huchagua mwenyewe alipe au asilipe. Anayelipa hupata chumba chake, asiyelipa hulala kwenye mkeka ukumbini, ila madaktari ni walewale. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri: mgonjwa mwenye pesa asiporidhika ataondoka, na kwa kuondoka kwake atakuwa amemsemea pia yule wa kwenye mkeka.

"Shirika zuri ni lile linalotumia kidogo kwenye uendeshaji"

Turudi kwa mhasibu wetu. Asilimia ya uendeshaji ni rahisi kuisoma, ndiyo maana imependwa. Lakini inaonyesha tu fedha ziliandikwa kwenye safu ipi. Haionyeshi kama kuna mtu aliyepona, aliyesoma au aliyepata maji. Shirika linalogawa dawa zilizokwisha muda linaweza kuwa na asilimia nzuri kabisa.

Mwaka 2013, taasisi tatu za Marekani zilizojijengea jina kwa kuwapimia watu mashirika ya hisani, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia wafadhili barua ya wazi kuwasihi waache kutumia kipimo hicho peke yake. Waliosema hivyo ndio walewale waliochangia kukieneza, na kwa hilo nawapa heshima yao.

Mshahara wa mhasibu, mafunzo ya wafanyakazi, mfumo wa kutunza takwimu: hivyo ndivyo vinavyolifanya shirika ligundue kwamba linakosea. Ukivinyima fedha umejinyima habari. Wizi upo, sikatai. Ila mwizi mwenye akili haandiki wizi wake kwenye safu ya uendeshaji.

"Cha bure hakithaminiwi"

Hii imekaa kama methali, na wenye biashara huipenda kwa sababu inawapa ruhusa ya kutoza. Hoja yenyewe ina mantiki: anayelipia atakitunza, na anayepewa atakitupa au kukigeuza kitu kingine.

Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, kwa vyandarua vyenye dawa. Kliniki nyingine zilivitoa bure, nyingine kwa bei mbalimbali, zote zikiwa chini sana ya gharama halisi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalikuwa makali. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walivitundika sawasawa na walionunua. Baadaye Dupas alifuatilia na kuona kwamba waliowahi kupata chandarua kwa ruzuku kubwa walikuwa tayari zaidi kununua kingine, si kungoja cha bure tena. Walikuwa wamekwisha kulala chini yake, wanajua kinachofanya.

Tusiipindue dhana hiyo ikawa potofu upande wa pili. Chandarua kina sifa ya pekee: ukikitumia wewe, hata jirani anaambukizwa kidogo, kwa hiyo kumtoza mtu mmoja mmoja ni kuitoza faida ya wengi. Miwani ya kusomea haiko hivyo. Kila kitu kina hesabu yake.

"Wakipewa pesa taslimu watazinywa"

Sitakawia hapa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 zilizopima jambo hilo katika nchi mbalimbali. Kwa ujumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na pengine yalipungua kidogo. Ninachojiuliza ni kwa nini swali hili haliulizwi kuhusu bonasi za maofisa.

"Kila maskini ni mjasiriamali anayengoja mtaji"

Hii ni dhana yenye nia njema, na pengine ndiyo iliyogharimu zaidi. Muhammad Yunus, mhadhiri wa uchumi, alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, kwa kuwakopesha watu 42 jumla ya dola 27. Mwaka 1983 mradi wake huo, Grameen, ukawa benki kamili, na mwaka 2006 yeye na benki yake wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katikati ya hapo dunia ilishaamini kwamba umaskini ni uhaba wa mkopo.

Kisha vikaja vipimo. Tafiti 6 zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, za Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, hazikuona kaya za kawaida zikitoka kwenye umaskini kwa sababu ya mikopo midogo. Walioona faida walikuwepo. Watu walipata nafasi zaidi ya kuamua waanze biashara, waipanue au wanunue kitu cha nyumbani bila kungoja. Lakini kipato cha kaya, kwa wastani, hakikupanda kwa kiasi cha kutajika.

Sioni la kushangaza hapo. Wengi wetu tungepewa chaguo kati ya mshahara wa uhakika na kibanda cha kuuza kitu kilekile anachouza jirani, tungechukua mshahara. Wenye kipato kidogo hufanya biashara ndogo kwa kukosa ajira, na kulala hoi kwa biashara isiyokua si kipaji.

Na pale mkopo ulipogeuzwa mbio za ukuaji, mambo yaliharibika. Compartamos, taasisi ya mikopo midogo ya Mexico, ilianza mwaka 1990 kama shirika lisilo la faida, na ilipouza hisa zake mwaka 2007 wenye mtaji wakatajirika kwa riba za juu zilizolipwa na wanawake wa vijijini. Huko Andhra Pradesh, India, mwaka 2010, wakopeshaji walikuwa wamerundikana juu ya wakopaji walewale, yakaja malalamiko ya manyanyaso na watu kujiua, serikali ya jimbo ikaingilia kati na marejesho yakaporomoka. Angalia kwamba safari hii mtumiaji alikuwa analipa kweli. Ila mkopo hauonjwi kama bidhaa nyingine: siku ya kuupokea kila mtu anafurahi, na ubovu wake hujulikana siku ya marejesho.

Kilichofanya vizuri zaidi kwa wale wa chini kabisa ni kitu kizito na cha gharama, nacho pia kilianzia BRAC: kaya inapewa mali, mara nyingi mifugo, fedha ya kujikimu kwa muda, mafunzo, njia ya kuweka akiba, na mtu anayeitembelea mara kwa mara kwa takriban miaka 2. Majaribio katika nchi 6, Ethiopia na Ghana zikiwemo, yaliyohusisha kaya zaidi ya 10,000, yalionyesha mwaka 2015 kwamba nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Hakuna mkopaji angeweza kuilipia huduma hiyo, na hakuna mwekezaji angepata gawio.

"Maskini ni soko kubwa lililolala"

Wakati mwingine ni kweli. M-Pesa ilianza kama jaribio la kurahisisha marejesho ya mikopo midogo nchini Kenya, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza. Waliopewa simu za majaribio wakaanza kuitumia kwa lao: kutumiana pesa. Waliokuwa na mradi wakaona, wakauacha mpango wao wa mikopo, na Machi 2007 wakaingia sokoni na kile watu walichokibuni wenyewe. Ruzuku ilibeba hatari ya mwanzo, soko likabeba yaliyofuata.

Wakati mwingine si kweli. Procter & Gamble, kampuni kubwa ya Marekani ya bidhaa za nyumbani, walikuwa na unga wa kusafisha maji, bidhaa nzuri kweli, ukimwaga kwenye maji ya matope unayaona yakitulia. Kibiashara haukuuzika, na sasa unasambazwa kama msaada. Watu hawakuwa wajinga. Maji machafu hayana ladha ya ugonjwa, na kununua kinga kila siku ni kazi ngumu hata kwa matajiri. Waulize walipokwenda mara ya mwisho kwa daktari wa meno.

"Wazo zuri huonekana tu"

PlayPump lilikuwa wazo la kupendeza machoni. Bembea ya kuzunguka imeunganishwa na pampu: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi, na tangi lina mabango ya matangazo ya kulipia matengenezo. Mwaka 2006 ilitangazwa nchini Marekani ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawa kufunga pampu 4,000 barani Afrika ifikapo 2010.

Mtoto anapenda kuzunguka bembea inayokwenda yenyewe. Hii, kwa kuwa inavuta maji, ilikuwa nzito kila mzunguko. Watoto walichoka, wakaenda zao, na kina mama waliokuja na ndoo wakabaki wanaisukuma kwa mikono kwenye duara, kazi ngumu na ya aibu kuliko mpini wa pampu ya kawaida waliyokuwa nayo kabla. Gazeti la Guardian lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja iwatosheleze watu 2,500 waliotajwa kwenye mpango, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Ikiharibika, wanakijiji hawakuweza kuitengeneza, na matangazo kwenye maeneo mengi ya vijijini hayakupata mlipaji.

Anayelipa aliona picha za watoto wanaocheka. Anayetumia hakuulizwa kama anataka mpini wake uondolewe. Mwaka 2010 mradi ulisimama, waliochangia fedha wakakiri hadharani kwamba haukufikia ulichoahidi, na pampu zilizobaki zikakabidhiwa shirika jingine la maji. Hilo likaziweka kwenye orodha pamoja na aina nyingine za pampu, kijiji kikae, kitazame, na kuchagua kinayoitaka.