Soma mstari wa muda kwenye sertifika yako

Jumamosi moja, Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo, mama mkubwa alinitolea sertifika ya nyumba, yaani hati ya usajili, kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kupasuka. Juu kulikuwa na namba ya volume na folio (kitabu na ukurasa wa usajili), ndani mchoro wa parsele, yaani kiwanja. Yeye alinionyesha muhuri. Mimi nilitafuta muda, nikaukuta: miaka 25, na imebaki miezi saba.

"Miaka gani tena, mwanangu? Si tulinunua?"

Swali hilo nalisikia Lubumbashi nzima, na watu wengi wanapata hasara kwa sababu hakuna aliyewajibu mapema. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia, na jibu la kila moja.

"Nilinunua, basi udongo ni wangu." Udongo ni wa Leta, yaani Serikali. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema hivyo katika kifungu cha 53: ni mali ya Serikali peke yake, na haupatikani kwa kuukalia miaka mingi. Unachonunua ni nyumba na haki ya kutumia udongo ulio chini yake. Haki hiyo inaitwa konsesioni, nayo ina sura mbili. Konsesioni ya daima haina mwisho, lakini inapewa Mkongomani tu, tena mtu binafsi. Kampuni, kanisa, shirika na mgeni wanapata konsesioni ya kawaida, ambayo ina miaka. Marehemu mume wa mama mkubwa alikuwa Mzambia. Ndiyo maana ya ile 25.

"Miaka ikiisha, Leta inachukua nyumba." Uoga huu ndio unaowalisha matapeli. Wanakuja kwa mjane, wanamwambia auze upesi kabla hajafukuzwa, naye anauza kwa bei ya kutupa. Sheria inasema kingine. Kwa haki inayoitwa superficie (kutumia udongo wa Leta na kumiliki kilichojengwa juu yake), ambayo ndiyo ya mama mkubwa, muda hauzidi miaka 25, lakini unaweza kurudishwa upya. Na kama parsele imejengwa na kutunzwa jinsi mkataba ulivyotaka, huwezi kunyimwa. Neno hilo "kutunzwa" lina uzito: nyumba iliyoachwa ibomoke inakuondolea nguvu ya kudai.

Ila muda haujiongezi wenyewe. Lazima uombe, kwa barua, kabla ya tarehe ya mwisho, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiondoke kwenye biro na maneno ya mdomo, hata kama aliyekuambia "tutaona" ni mtu wa heshima.

"Nalipa kodi kila mwaka, kwa hiyo niko sawa." Kodi ya nyumba ni jambo moja, muda wa konsesioni ni jambo lingine. Tunza risiti zako, lakini hakuna risiti iliyowahi kuongeza mwaka kwenye sertifika.

"Karatasi ya shefu wa karte (mkuu wa mtaa) inatosha." Haitoshi, hapa wala Goma wala Bukavu. Kifungu cha 219 kiko wazi: haki juu ya udongo inathibitishwa na sertifika ya usajili peke yake. Karatasi ya mauziano ni mwanzo wa safari tu.

"Mwenye konsesioni ya daima hana la kuogopa." Nawaomba ndugu walio Ulaya wasikie hili. Haki hiyo inasimama juu ya uraia wa Kongo, na kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 hakikubali uraia wa Kongo pamoja na mwingine. Kabla ya kuchukua pasipoti ya Ubelgiji, kaa na avoka (mwanasheria) mzungumze habari ya parsele yako.

Kwa mama mkubwa, kazi ilikuwa na hatua mbili. Sertifika ilikuwa bado kwa jina la marehemu, kwa hiyo urithi ulitangulia. Halafu avoka alimshauri, kwa kuwa yeye ni Mkongomani, aombe konsesioni ya daima badala ya miaka mingine 25. Jumatatu tulifika kwa konservatere, mkuu wa biro ya sertifika za ardhi, na barua nakala mbili. Karani alitaka kuzibakiza zote. Mama mkubwa alishikilia ile ya pili mpaka ikapigwa muhuri na tarehe, akaniambia niipige picha kwa simu palepale mlangoni, kisha akaiweka katika plastiki nyingine, mbali na sertifika.