Kampuni ya nyumba ikivunjwa, nyumba haiendi nayo

Nashauri wapangaji wa nyumba za halmashauri hapa London, wengi wao Waswahili wenzangu kutoka Kongo, Kenya na Tanzania. Kila halmashauri inapotangaza kwamba itavunja kampuni yake ya kusimamia nyumba, simu hazikatiki, na swali ni lile lile: "Tunahama lini?" Hamuhami. Nimelisema mpaka nimechoka, sasa naliandika.

"Kampuni ndiyo mwenye nyumba. Ikifungwa, mkataba wangu umekufa."

Si kweli, na dhana hii imeumiza watu kuliko nyingine zote. Kampuni hizi zilianza mwaka 2002, serikali ilipotoa fedha za ziada za ukarabati kwa halmashauri zilizokabidhi usimamizi wa nyumba zao kwa chombo cha pembeni. Kazi yake ni kukusanya kodi ya nyumba, kutuma mafundi na kupokea malalamiko. Nyumba ni ya halmashauri, tangu mwanzo. Toa mkataba wako kabatini usome jina la mwenye nyumba. Mara nyingi utakuta "The Mayor and Burgesses of the London Borough of", kisha jina la eneo lako. Kampuni haimo, hata kama nembo yake iko kwenye kila barua na kila gari la fundi. Upangaji wako unalindwa na Sheria ya Nyumba ya 1985, na halmashauri kumwondoa msimamizi wake hakuufuti.

Tumeshayaona. Homes for Haringey ilirudishwa halmashauri Juni 2022, Nottingham City Homes Aprili 2023, Lewisham Homes Oktoba 2023, Tower Hamlets Homes mwezi uliofuata. Maelfu ya familia walilala wapangaji wa halmashauri, wakaamka wapangaji wa halmashauri.

Lakini wapo wanaoacha kulipa: "Kampuni haipo, nimlipe nani?" Unadaiwa na halmashauri, na deni linaendelea kuhesabiwa, na malimbikizo ya kodi ndiyo sababu ya kwanza kwenye orodha ya sheria ya kumfikisha mpangaji mahakamani. Ukipata barua ya akaunti mpya ya benki, piga namba iliyo kwenye tovuti ya halmashauri uthibitishe kwanza, kisha lipa.

Wengine, na hawa ndio wananinyima usingizi, wanarudisha funguo kwa hofu na kwenda kupanga kwa mtu binafsi. Kodi ya huko ikiwashinda wakarudi kuomba makazi, halmashauri inaweza kusema wamejikosesha makazi kwa makusudi na kukataa kuwapa nyumba ya kudumu. Upangaji ambao watu wanaungoja kwa miaka, mtu anautupa kwa uvumi wa WhatsApp! Ndugu zangu, msirudishe funguo wala kusaini karatasi yoyote kabla mshauri hajaisoma.

"Imefilisika."

Mnaichanganya na kampuni za kujenga na kuuza, kama Brick by Brick ya Croydon, iliyokopeshwa na halmashauri karibu pauni milioni 200. Kampuni ya usimamizi ni kitu kingine. Halmashauri nyingi zinairudisha kazi ndani ili kubana matumizi, na kwa sababu tangu Aprili 2024 mdhibiti wa serikali wa nyumba hizi anazikagua na kuziwajibisha zenyewe, hata kama msimamizi ni kampuni. Baada ya Grenfell mwaka 2017, moto ulioua watu 72 katika jengo la halmashauri lililosimamiwa na chombo cha pembeni, sioni kwa nini mtu alalamikie hilo.

"Kodi itapanda, na haki ya kununua nyumba itapotea."

Kodi hupangwa na halmashauri kila mwaka chini ya ukomo wa serikali, kampuni iwepo isiwepo. Haki ya kununua iko pale pale, na miaka yako ya upangaji inaendelea kuhesabiwa.

"Watatuuza kwa shirika bila kutuuliza."

Kurudisha usimamizi hakuhitaji kura, ila lazima mshirikishwe kwa maoni, kwa hiyo jazeni dodoso mnalotumiwa. Kuhamishia umiliki kwa shirika la nyumba ni jambo jingine: hapo wapangaji hupiga kura, na wengi wakikataa, haifanyiki.

"Maombi ya zamani ya matengenezo yamefutwa."

Wajibu haufutiki, kumbukumbu ndizo hupotea zinapohamishwa mfumo. Ndiyo maana nawasumbua kila siku: msiripoti ukungu kwa simu tu. Andika baruapepe, ambatisha picha zenye tarehe, omba namba ya kumbukumbu. Kampuni ikishavunjwa, itume tena halmashauri pamoja na namba ile ya zamani. Wakikaa kimya, andika malalamiko rasmi. Hatua ya kwanza hujibiwa ndani ya siku 10 za kazi tangu wakiri kuyapokea, ya pili ndani ya 20. Usiporidhika, peleka kwa Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nyumba. Ni bure, na huhitaji wakili.